Uso, Sare au Kadi: Uanzie Wapi Kuichunguza Picha ya Kale ya Besiboli

Huko Baileyville, mji mdogo wa jimbo la Maine ulio mpakani na Kanada, mtu mmoja alinunua vitu kwenye yadi-seli, yaani mauzo ya vitu vilivyotumika yanayofanywa uani mwa nyumba: chupa za zamani za Coca-Cola, viti viwili vya mwaloni na albamu ya picha. Ndani ya albamu mlikuwa na kadi ndogo iliyobandikwa picha ya wanaume kumi, wachezaji tisa na meneja wao. Ilikuwa klabu ya Atlantic ya Brooklyn, mwaka 1865. Februari 2013 kadi ile ilinadiwa Biddeford, humohumo Maine, ikaenda kwa dola 92,000 pamoja na ada ya mnada. Maktaba ya Bunge ya Marekani ilisema inajua nakala mbili tu za picha hiyo: ile ya kwenye albamu, na nyingine iliyomo katika hazina ya maktaba yenyewe.

Tangu wakati huo, kila anayekuta picha ya wanaume walioshika gongo anaiona Atlantic. Ndugu zetu wengi wanaoishi Marekani ni wapenzi wa yadi-seli za Jumamosi asubuhi, nami ni mmoja wao, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: nimepata picha ya watu wa besiboli, nitajuaje ni ya lini na hawa ni akina nani? Njia zipo nne. Unaweza kuchunguza kitu chenyewe, yaani ile kadi au bamba. Unaweza kuchunguza sare na vifaa. Unaweza kufuata jina la studio na kumbukumbu za maandishi. Au unaweza kulinganisha nyuso. Karibu kila mtu huanza na ya mwisho, na hapo ndipo wengi hupotelea. Nitaziweka pamoja, huku nikirudi kwenye picha moja niliyo nayo hapa mezani: picha ya bati, ndogo kuliko kiganja, vijana wawili, mmoja ameketi na mpira mapajani, mwenzake amesimama nyuma yake akiwa amevaa mkanda mpana wenye herufi.

Kitu chenyewe

Kabla hujauliza hawa ni nani, uliza hii ni nini. Picha za karne ya 19 zilitengenezwa kwa namna nyingi, na kila namna ina miaka yake.

Dagereotipu ilitangazwa Paris mwaka 1839. Ni bamba la shaba lililopakwa fedha, linang'aa kama kioo cha kujitazamia. Ukiliinamisha, mara unamwona aliyepigwa picha, mara unajiona mwenyewe. Kufikia mwaka 1860 hivi ilikuwa imeshapitwa na wakati. Klabu ya Knickerbocker ya New York, ambayo kanuni zake ndizo zilizokuja kuenea, iliundwa mwaka 1845. Kwa hiyo dagereotipu ya besiboli lazima iwe imepigwa katika muda mfupi sana, na ndiyo maana hakuna iliyo adimu kuliko hiyo. Ukiipata, usiifute vumbi. Kidole kimoja tu kwenye fedha ile kinatosha kuondoa sura ya mtu, na hairudi tena.

Ambrotipu iko kwenye kioo chenye mgongo mweusi. Hati yake ya uvumbuzi Marekani ni ya mwaka 1854. Tintaipu, ninayopenda kuiita picha ya bati, iko kwenye bamba jembamba la chuma, na ni ya kuanzia 1856. Sumaku ndogo ya mlango wa friji huzitenganisha mara moja: chuma kinanasa, kioo na shaba havinasi. Shida ya picha ya bati ni kwamba ilidumu mno. Wapigapicha wa kwenye maonyesho na ufukweni waliendelea kuipiga hadi karne ya 20, kwa hiyo kuwa ya bati hakuifanyi iwe ya kale kiasi unachotamani.

Halafu kuna picha za karatasi iliyopakwa ute wa yai, zilizobandikwa kwenye kadi ngumu. Ile ndogo, ya takriban sentimita 6 kwa 10, inaitwa karti ya vizite. Ilishika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1860, na kadi ya Atlantic ni ya aina hiyo. Kubwa zaidi, takriban sentimita 11 kwa 16.5, ni kadi ya kabati, iliyoanza kuenea baada ya 1866. Kadi nyembamba yenye pembe kali kwa kawaida hutangulia kadi nene yenye pembe za mviringo, ambazo ni za miaka ya 1870 na kuendelea. Nyuma ya kadi kukiwa na stempu ya kodi, umebarikiwa: serikali ya Marekani ilitoza kodi ya picha kuanzia Septemba 1, 1864 hadi Agosti 1, 1866, ili kulipia gharama za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Karatasi kidogo ya senti mbili au tatu inakupa dirisha la miaka miwili, kitu ambacho hakuna mtaalamu wa nyuso anayeweza kukupa.

Njia hii pia ndiyo inayofichua nakala za kisasa. Weka kioo cha kukuzia: ukiona vidoto vilivyopangwa kwa safu, hiyo imechapwa kwa mashine ya kuchapia magazeti na vitabu, haikutoka kwenye chumba cha giza cha mpigapicha. Weka chini ya taa ya urujuanimno gizani: karatasi ikiwaka weupe wa samawati, ina kemikali ya kung'arisha ambayo haikuwekwa kwenye karatasi mpaka katikati ya karne ya 20.

Gharama yake ni sumaku, rula, kioo cha kukuzia na taa ndogo. Haitakupa jina la mtu hata siku moja. Lakini inafuta madai ya uongo kwa haraka kuliko njia nyingine yoyote, na ndiyo maana naiweka mbele. Mtu akikuambia kadi yake ya kabati inaonyesha mechi ya mwaka 1858, mazungumzo yamekwisha.

Sare na vifaa

Hapa ndipo penye utamu. Anayejua mavazi ya mchezo huu anaweza kuisoma picha kama mshonaji anavyosoma mshono.

Suruali kwanza. Wachezaji wa miaka ya 1850 na sehemu kubwa ya 1860 walivaa suruali ndefu za kufika kifundoni. Klabu ya Cincinnati ndio walioleta suruali za kukomea chini ya goti na soksi ndefu nyekundu, mwaka 1868, na mwaka uliofuata wakawa timu ya kwanza kutangaza wazi kwamba wachezaji wao wote wanalipwa. George Wright, nyota wao, alilipwa dola 1,400 kwa msimu. Walizunguka nchi bila kufungwa, mpaka Juni 14, 1870 Atlantic wale wale wa Brooklyn walipowafunga 8 kwa 7. Baada ya safari zile kila kijiji kilitaka soksi kama zao. Kwa hiyo soksi ndefu zinakuambia picha si ya kabla ya 1868, lakini suruali ndefu hazikuambii kwa uhakika kwamba ni ya kabla yake, maana timu za vijijini zilivaa zilichokuwa nacho.

Mikono je? Mikono mitupu ni ya zamani. Glovu zilianza kuonekana katikati ya miaka ya 1870, na wa mwanzo kuzivaa walizichagua za rangi ya ngozi ili zisionekane, kwa aibu. Barakoa ya mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, ilibuniwa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1877. Gongo lenye upande mmoja bapa liliruhusiwa na kanuni kuanzia 1885 hadi 1893 tu. Kibao cha nyumbani, kile cha ardhini anaposimama mpigaji, chenye pembe tano ni cha mwaka 1900. Kabla tu ya hapo kilikuwa mraba. Kila kifaa ni mpaka: picha haiwezi kuwa ya kabla yake.

Narudi kwa vijana wangu wawili. Suruali ndefu, mikono mitupu, shati lenye kipande cha kifuani kilichoshikizwa vifungo pande zote. Mpira wa yule aliyeketi nimeutazama chini ya lenzi mara nyingi mno: mshono wake unakutana juu kama msalaba, ngozi imefungwa kama ganda la ndimu lililokatwa vipande vinne. Mipira ya namna hiyo ilikuwa ya kawaida kabla mshono wa umbo la nane, tuujuao leo, haujashika katika miaka ya 1870. Bila ule mpira ningenyamaza kabisa. Wazimamoto wa kujitolea wa wakati ule nao walivaa mashati ya kifua kama kile na mikanda mipana yenye herufi, na picha zao nyingi huuzwa leo kama za besiboli. Ndivyo ilivyo pia kwa kriketi, iliyochezwa sana New York na Philadelphia kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Gongo likiwa bapa na pana, tazama pembeni kama kuna vijiti vitatu vimesimikwa ardhini.

Na herufi za mkanda? Zinasomeka NOINU, na kila N imegeuka nyuma. Hilo lisikushtue. Picha ya bati, kama dagereotipu, humwonyesha mtu kama anavyojiona kwenye kioo. Kuligeuza jina, ni UNION. Kosa la kusahau mgeuko huu limewahi kujenga hadithi nzima: picha ya bati ya Billy the Kid, jambazi wa New Mexico, ilifanya watu waamini kwa miongo mingi kwamba alitumia mkono wa kushoto, kumbe ni kioo tu. Kwenye besiboli, ambako mrushaji wa mkono wa kushoto ni jambo la kuandikwa gazetini, kosa hilo linaweza kukupeleka kwa mtu asiyehusika kabisa.

Lakini Union gani? Vilabu vya jina hilo vilikuwa vingi, Morrisania jirani na New York, Lansingburgh, St. Louis na kwingineko, maana lilikuwa jina la nchi nzima iliyokuwa ikipigania isigawanyike. Sare imenipa takriban miaka kumi na jina la klabu. Mji haikunipa.

Jina la studio na karatasi za serikali

Kwa kadi, hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote. Nyuma ya karti ya vizite mpigapicha alichapa jina na anwani yake, kwa kuwa kadi ilikuwa pia tangazo. Wapigapicha walihamahama, na miji mikubwa ilichapisha kila mwaka vitabu vya wakazi na biashara vyenye anwani zao. Ukilinganisha anwani ya kwenye kadi na vitabu hivyo, mara nyingine unabana tarehe hadi mwaka mmoja au miwili. Kadi ya Atlantic iko imara kwa sababu ya karatasi: Charles H. Williamson, mpigapicha wa Brooklyn, aliiandikishia haki miliki mwaka 1865.

Ukishapata mji na miaka, magazeti yanakupa majina. Maktaba ya Bunge imeweka mamilioni ya kurasa za magazeti ya zamani kwenye mtandao bila malipo, Maktaba ya Umma ya Brooklyn imefanya hivyo kwa Brooklyn Daily Eagle, na gazeti la michezo la New York Clipper nalo linasomeka mtandaoni. Ripoti za mechi zilitaja wachezaji wote tisa kwa jina la ukoo na mikimbio, yaani pointi, waliyopata. Kutoka jina la ukoo unakwenda kwenye sensa ya 1860, 1870 au 1880. Ya 1890 usiitegemee, karibu yote iliteketea baada ya moto wa 1921 mjini Washington.

Njia hii inachosha, nakiri. Inaweza kukula majira yote ya baridi. Lakini ndiyo pekee inayoweza kusimama mbele ya mtu asiyetaka kukuamini, na kwa picha za wachezaji Weusi naiona kuwa ni wajibu. Wauzaji hupenda kuandika "Ligi ya Weusi" kwenye kila picha ya Waamerika Weusi wenye gongo, wakati ligi ya kwanza ya kudumu, Negro National League ya Rube Foster, iliundwa 1920. Wachezaji Weusi walikuwa na vilabu vyao zaidi ya miaka hamsini kabla ya hapo. Pythian ya Philadelphia, aliyoichezea Octavius Catto mpaka alipouawa siku ya uchaguzi wa 1871, ni mojawapo. Kuibandika picha ya mwaka 1880 jina la ligi ya 1920 ni kuwanyang'anya watu hao miaka yao. Itazame picha ya timu ya Chuo cha Oberlin ya mwaka 1881: Moses Fleetwood Walker na mdogo wake Weldy wanajulikana humo kwa sababu chuo kina orodha zake. Miaka mitatu baadaye Moses alikuwa akicheza ligi kuu na Toledo. Uso wake tunaujua kwa sababu karatasi zilitangulia.

Picha yangu ya bati haina kitu nyuma. Bati halichapwi anwani. Ni bahati ikiwa mfuko wake wa karatasi umesalia, nao wangu haukusalia. Basi chaguo linategemea ulichoshika: mwenye kadi aigeuze kwanza, mwenye bati aanze na mkanda.

Uso

Njia hii huvutia kwa sababu ni ya haraka. Unaweka picha yako kando ya picha ya mchezaji maarufu, unaona pua ni ile ile, moyo unadunda. Programu za simu nazo zinakuongezea moto kwa kutoa asilimia. Usizitegemee: uso wa milimita nne kwenye picha ya miaka 160 hauna maelezo ambayo programu hizo zinahitaji.

Kuna dagereotipu ya wanaume sita iliyotoka kwa mzao wa Alexander Cartwright, mmoja wa waanzilishi wa Knickerbocker, ambaye aliondoka New York mwaka 1849 na kuishia Honolulu, alikofariki 1892. Kwa miaka mingi ilichapishwa kama picha ya Knickerbocker, yeye akiwa katikati. Baadaye watafiti wa SABR, chama cha utafiti wa besiboli kilichoanzishwa Cooperstown, jimbo la New York, mwaka 1971, walilinganisha nyuso na picha zake nyingine na kuibishia vikali. Kama picha iliyotoka ndani ya ukoo wenyewe inabishaniwa hivyo, fikiria ile uliyoikuta kwenye boksi la dola tano. Maneno ya wazee nayo yapimwe. Mwaka 1907 tume nzima iliyochunguza asili ya mchezo ilitangaza kwamba Abner Doubleday alibuni besiboli Cooperstown mwaka 1839, ikitegemea kumbukumbu za mzee mmoja, na Doubleday mwaka ule alikuwa mwanafunzi wa jeshi West Point.

Uso una kazi moja unayoifanya vizuri: kukataa. Umbo la sikio, jinsi ndewe ilivyoshikana na shavu, mstari wa nywele, kovu. Vitu hivi vikipishana, si yeye, na unaweza kulala. Vikifanana, bado hujathibitisha chochote, kwa kuwa vijana wa miaka ishirini wenye masharubu ya mtindo mmoja walikuwa maelfu. Na kabla ya kulinganisha sikio la kulia na la kulia, kumbuka mgeuko wa kioo. Niiweke wazi: uso uwe wa mwisho, baada ya njia nyingine kukuachia watu wachache wa kuchagua.

Badala ya kukazia uso, angalia nyuma ya watu. Kuna picha ya askari wa kikosi cha 48 cha New York waliopiga kambi ndani ya ngome ya Fort Pulaski, Georgia, wakati wa vita. Mpigapicha aliwapiga askari waliojipanga, lakini nyuma yao, wadogo kama siafu, kuna wenzao wanacheza besiboli. Picha kama hizo hupita mikononi mwa wauzaji bila wao kujua.

Umpelekee nani

Maktaba ya Bunge hujibu maswali ya umma bure, na maktaba ya Jumba la Umaarufu la Besiboli huko Cooperstown inapokea maswali ya utafiti. Hawa watakusaidia kujua picha ni nini; hawatakuambia bei, na usiwaulize. Watafiti wa picha wa SABR wana jicho kali zaidi kwa mikanda na sare kuliko mtu yeyote ninayemjua. Chama cha historia cha mji husika hupuuzwa, lakini kwa timu ndogo ndicho chenye picha nyingine ya watu wale wale.

Nyumba ya mnada inakutathminia bila malipo na inafanya kazi haraka, ila inatazama kitakachouzika. Ukiwa na karti ya vizite yenye studio na majina, nenda huko bila woga. Ukiwa na uso tu na matumaini, subiri. Dalali anayekutajia bei papo hapo na kutaka kununua papo hapo mshukuru, urudishe picha yako mfukoni. Mimi niliwahi kukubali, na kadi niliyouza kwa bei ya chakula cha mchana ilikuwa na stempu ya kodi ambayo sikujua maana yake.

Jambo la mwisho la kukagua ni mikono ambayo kitu kimepitia. Maktaba ya Umma ya New York ilipewa mkusanyiko wa Albert Spalding, mchezaji na mfanyabiashara wa besiboli, mwaka 1921, na ukaguzi wa 1987 ulionyesha kwamba vitu vingi vyake havipo. Ukiona nyuma ya kadi pamekwanguliwa, au alama ya muhuri iliyofifia inayojitokeza chini ya ile taa yako, usiuze. Wapigie simu watu wa maktaba hiyo kwanza.

Picha yangu ya bati imefika hapa: miaka ya 1860 au mwanzoni mwa 1870, klabu ya Union, mji haujulikani. Wiki hii nimeanza na magazeti ya Lansingburgh, nikitafuta timu yoyote ya Union ambayo ripota alijisumbua kueleza mikanda yake.